Majani Imelala

Siku mwanawe Amani alipompigia simu ya video kutoka Amerika, akamwonyesha kipande cha nyasi mbele ya nyumba na kusema kwamba ameziotesha mwenyewe, tena kwa kupenda, Mama Kadidja alidhani ugeni umemharibu mtoto akili.

"Unaotesha majani?" alimuuliza. "Amani, si miye nilikufundisha kushika kupekupe? Alors umeenda mpaka Poto, kwa wazungu, kwa kuotesha majani?"

Amani alicheka mpaka simu ikatikisika mkononi mwake. Marthe, jirani, mwanamke wa Yanonge aliyekuja kuomba moto wa makaa na kunogewa na maongezi ya watu, alicheka naye. Na kweli ilikuwa ya kuchekesha. Kisangani mvua haimnyimi mtu. Ukizembea kidogo tu, nyasi zinakufuata mpaka kizingitini, na paseli, kiwanja cha nyumba, yenye nyasi, machoni pa watu, ni paseli isiyo na mwenyewe au yenye mwenyewe mvivu, na nyoka hachagui kati ya hao wawili. Mama Kadidja alikuwa akikaanga mikate asubuhi karibu na msikiti, pale Kabondo, na akirudi tu nyumbani hushika kupekupe, panga la nyasi, hufyeka, kisha hufagia udongo mpaka ubaki na mistari ya ufagio. Huo ndio uwanja wa watu wenye adabu.

"Mama, huku hakuna mvua," Amani alisema alipomaliza kucheka. "Huku iko désert."

Jangwa Mama Kadidja alilijua kwa hotuba za Ijumaa: mahali ambapo manabii walipata kiu. Hakujua kwamba watu wanaweza kujenga mtaa mzima humo, wakapaka nyumba rangi, wakaweka na maua. Kwa miaka Amani na mkewe Malika walikuwa wakikaa ghorofani, kando ya barabara kuu, ambako chini ni mawe na magari tu. Mwaka huo ndipo walipopata nyumba yenye kipande cha udongo mbele, na kitu cha kwanza Amani alichokifanya ni kukiotesha nyasi.

Ikawa mazoea. Amani alitoka na mpira wa maji alfajiri ya kule, kabla jua halijachomoza, na kwa Kisangani ilikuwa mchana, adhuhuri imeshaswaliwa na mafuta ya mikate yamepoa karaini. Aliegemeza simu kwenye ukuta mdogo, akanywesha nyasi zake huku akiongea na mama yake. Mama Kadidja alimkejeli, na yeye akajibu kila kejeli kwa somo. Kwa nini alfajiri? Kwa sababu ukimwaga mchana, jua linakunywa maji yote kabla ya nyasi. Kwa nini si kila siku?

"Ukiizoeza kidogo-kidogo kila siku, mama, mizizi inabaki tu juu, inangoja. Siku moja ukikosa, imeungua. Donc unaipa mingi kwa mara moja, maji ishuke chini sana, kisha unaiacha. Inabaki na kiu kidogo. Pale mizizi inajifunza kutafuta."

"Unaifundisha njaa," mama yake alisema.

"Ninaifundisha kuishi."

Udongo wa kule ulikuwa mgumu, kichwa nguvu, alivyouita Amani. Maji yakiwa mengi kwa mpigo yalikimbilia barabarani. Kwa hiyo alifunga bomba, akanywa chai taratibu huku udongo ukimeza, kisha akafungua tena. Alitawanya makopo matupu ya sardini juu ya nyasi ili aone kama maji yanafika kila pembe sawasawa, na Mama Kadidja akacheka sana, kwa sababu yeye makopo aliyapanga sakafuni pale bati lilipovuja. Mwisho Amani alichukua turnevisi, bisibisi ndefu, akaichomeka ardhini. Ilipokwama ndipo maji yalipokomea. Ikiingia mpaka mpini, alimwonyesha mama yake mbele ya kamera, uso umemng'aa kwa furaha.

Mama Kadidja alijitia kudharau mambo hayo, lakini yalikuwa yamemkaa moyoni. Alijua kwamba ukikanyaga nyasi na alama ya mguu ikabaki, nyasi zina kiu. Alijua pembe ya kushoto, karibu na geti, inakauka haraka kuliko kwingine. Sokoni aliwaambia wanawake wenzake kwamba mwanawe anafuga majani, na alilisema kwa majivuno.

Mwezi wa nane, asubuhi, yuko kwenye karai la mafuta, simu ililia saa isiyo yake. Alikuwa Malika. Alikuwa akipumua kwa shida.

"Mama," alisema. "Amani amelala."

Katika ukoo wao, neno kufa halisemwi juu ya mtu wa nyumbani. Hufa kuku, hufa mbuzi, hufa betri ya tochi. Mtu hulala. Bibi yake Mama Kadidja alisema hivyo, na mama yake, na Malika, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo na kulelewa na midomo ileile, asingesema vingine. Mama Kadidja hakuuliza amelala vipi. Alitoa mikate iliyokuwa mafutani, kwa kuwa ingeungua, kisha akaketi chini.

Moyo wa Amani ulikuwa umesimama kazini, katika ghala alimokuwa akipanga makatoni. Walimzika huko huko, katika ardhi ile ngumu, kati ya Waislamu wa nchi nyingine ambao majina yao Malika hakuweza kuyatamka. Kabondo walifanya matanga bila maiti. Walifunga bashi, turubai la kivuli, wakaazima viti, wanawake wa msikiti wakasoma, na Marthe, Mkristo wa watu, akapika sufuria baada ya sufuria bila kuambiwa. Mama Kadidja alimuuliza Malika kitu kimoja tu: kama walimwagia kaburi maji baada ya kufukia, kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Tulimwaga, mama."

Siku zote za matanga machozi hayakumtoka. Waliomjia walisema huyo mama ana imani kubwa. Haikuwa imani. Habari ilikuwa imemfikia masikioni ikaishia hapo, kama maji yale yanayokimbilia barabarani. Alisema "Inna lillahi" na kila mtu, akawapa watu mikono, akala alipoambiwa ale, na ndani hakukuwa na mtu aliyekuwa amekufa.

Bashi lilipokunjwa, adhuhuri ikaswaliwa na simu haikulia. Mama Kadidja aliingoja, kisha akapiga yeye.

"Malika, mutoto yangu. Majani umenywesha?"

Malika alikuwa hajafikiria nyasi. Alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli, analala jioni na kuamka gizani, na kila alipofungua mlango alikuwa akikwepesha macho yake na mahali pale aliposimama mumewe.

"Toka nje," Mama Kadidja alisema. "Kanyaga. Nyayo inabaki?"

"Inabaki, mama."

"Bon. Shika mpira."

Na hivyo ndivyo mwanamke ambaye hajawahi kunywesha unyasi hata mmoja maishani, anayekaa mahali ambapo mvua ilikuwa ikipiga bati mpaka ashindwe kusikia simu, alivyoanza kuendesha bustani ya jangwani. Aliuliza maji yamefika wapi. Aliuliza turnevisi imeingia kiasi gani. "Funga kwanza, ngoja, wacha udongo imeze," alisema, na Malika akafunga, na wawili hao wakangoja pamoja, kila mmoja akisikia pumzi za mwenzake. Alimkumbusha pembe ya kushoto. Siku ambazo hazikuwa za kunywesha alipiga vilevile, aulize kama nyasi zimeamka salama.

Watu wa nje wangeona ni utani wa ajabu. Kwake ulikuwa kufa na kupona. Kaburi la Amani hakuliona na hataliona kamwe. Nauli yake haipo na viza yake haipo. Lakini kipande kile kilichooteshwa na mkono wa mwanawe alikiona kila siku kwa macho yake, kibichi, kimestawi, na maadamu kilikuwa hai aliona bado kuna mahali duniani ambapo Amani anafanya kazi. Alikuwa amejiapiza kwamba majani yale hayatakufa.

Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja yalianza kugeuka rangi.

Yalianza pembe ya kushoto, na Mama Kadidja hakushtuka sana, ile pembe ilikuwa na tabia yake. Kisha umanjano ukatembea mpaka katikati. Yeye maishani mwake alikuwa ameona nyasi zikifyekwa, zikichomwa, zikioza kwa maji. Zilizobadilika zenyewe bila kuguswa na mtu hakuwahi kuziona. Kisangani nyasi ni kijani Januari na kijani Desemba. Kwa hiyo alijua jibu moja.

"Iko na kiu. Ongeza maji."

Malika aliongeza. Nyasi zikazidi kukauka.

"Unanywesha kweli? Asubuhi? Ama unarusha-rusha tu jioni ukitoka kazi?"

"Asubuhi, mama. Kama vile ulisema."

"Alors juu ya nini inaungua? Kwa Amani haikuungua hata siku moja! Malika, niambie ukweli. Umechoka na majani ya bwana yako?"

Hilo lilikuwa neno baya, na alijua ni baya kabla halijamaliza kutoka. Malika alitoka nje na simu, akafungua bomba, akakaa kitako juu ya nyasi zilizokauka, maji yakimlowesha gauni, akalia kwa sauti. Mama Kadidja alitazama picha ile ikitetemeka. Alitaka kuomba msamaha na badala yake akasema, "Funga maji kwanza, yanaenda barabarani."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mzee mmoja, Mmeksiko, mjane, mwenye kofia pana asiyoivua hata akiingia kwenye gari. Nyasi zake pia zilikuwa zimekuwa rangi ya mkeka. Alimwona Malika amekaa majini analia, akavuka. Yeye hakujua Kiswahili wala Kifaransa, Malika hakujua Kihispania, na Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kununulia mkate. Mzee aliinama, akazishika nyasi, akatikisa kichwa kwa upole. Kisha akaweka viganja viwili pamoja, akavilaza kwenye shavu, akafumba macho.

Malika alimtazama. Akaelewa, au aliona ameelewa.

"Mama," alisema kesho yake, taratibu, kwa namna ileile aliyotoa habari ya mwezi wa nane. "Muzee wa jirani alikuja kuangalia. Anajua sana mambo ya majani. Alifanya mikono hivi." Akaegemeza shavu kwenye viganja. "Majani imelala."

Mama Kadidja alisema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

"Ya kwake pia imelala, masikini. Yote."

"Na ameiacha vile? Pale mlangoni?"

"Ameiacha."

"Hana mutu wa kumusaidia," Mama Kadidja alisema, na kwa kweli alimhurumia mzee yule. Kisha akavuta pumzi. "Malika, nisamehe. Nilikuonea. Ulifanya yote."

Walipatana siku hiyo kuliko walivyowahi kupatana tangu harusi. Na kwa kuwa kilicholala hakiachwi juu ya ardhi kikaangaliwa na wapita njia, Mama Kadidja alitoa amri ambayo mama yeyote wa Kabondo angeitoa: nyasi zing'olewe, na udongo ufagiliwe, ubaki safi. Malika aliazima sepetu. Mizizi ilikuwa imeenda chini, chini sana, kama ilivyofundishwa, na kuikata ilikuwa kazi ya kutoa malengelenge. Alichimba asubuhi moja baada ya nyingine kabla ya kwenda kwenye mashuka yake. Siku ya pili mzee alitokea mlangoni kwake, akaona, akaita kwa sauti, akavuka barabara ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Alishika kichwa, mama," Malika alisimulia, ameguswa. "Na mikono yote. Alisema maneno mingi. Karibu alie."

"Iko mutu ya roho muzuri," Mama Kadidja alisema. "Umushukuru."

Malika alimshukuru. Mzee alisimama akiangalia sepetu ikishuka, midomo imelegea, mwisho akarudi kwake polepole. Lori la taka likaja likabeba magunia. Malika akafagia, akamwonyesha mama mkwe wake uwanja mwekundu wenye mistari ya ufagio, na Mama Kadidja akasema kwamba sasa hiyo ni paseli kweli. Wakasoma Fatiha pamoja, simu ikiwa juu ya ukuta mdogo. Hata hapo hakulia.

Baada ya hapo simu zilipungua. Hawakugombana, ila ya kusema tu hayakuwepo. Umekula? Nimekula. Kazi? Iko tu. Mama Kadidja alibaki na mchana mrefu baada ya adhuhuri, karai limepoa, mvua inakuja na kuondoka. Wakati mwingine alijikuta anasema peke yake, funga kwanza, ngoja, na Marthe akiwa karibu hujifanya hakusikia.

Malika alipiga mwezi wa nne, Ijumaa. Alikuwa amekaa nje kwenye kizingiti, alfajiri ya kule imeshapambazuka. Alikuwa amekonda. Aliongea habari za hoteli, za shangazi yake aliyehamia Lubunga, na macho yake yalikuwa yanakwepa. Mama Kadidja hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akitazama juu ya bega lake, ng'ambo ya barabara.

"Malika. Ile nyuma yako ni nini?"

Malika hakugeuka.

"Ile kijani. Kwa muzee. Ameotesha ingine?"

"Hapana, mama."

"Alinunua?"

"Hapana." Malika alijifuta pua kwa kiganja. "Ni ile ile. Mama, sikujua nikuambie namna gani. Binti yake alikuja, anajua Kifaransa kidogo, akanielezea. Baridi ikifika inakauka juu, chini iko muzima. Jua ikirudi inaamka yenyewe. Kila mwaka. Muzee alikuwa ananiambia niiache. Ilikuwa imelala tu, mama. Imelala ya kulala."

Mama Kadidja aliendelea kutazama ile kijani. Ilikuwa changa, inang'aa, na mzee mwenye kofia alikuwa amesimama pembeni yake na mpira wa maji, mgongo umegeukia kamera. Mizizi ile ya Amani, iliyoshuka ikitafuta, kumbe ilikuwa hai. Alikuwa ameing'oa yeye, kwa mdomo wake, kutoka Kabondo. Nyuma ya hilo likaja jambo jingine, ambalo lilikuwa limengoja tangu mwezi wa nane.

"Na Amani?" alisema.

"Mama?"

"Amani. Weye ulimuona na macho yako? Ama batu ya kazi walikuambia tu amelala, na weye ukaitika?" Sauti ilikuwa imempanda. "Muliangalia muzuri? Malika! Kule munazika haraka. Muliangalia muzuri, ama muliona tu juu, kama hii majani?"

"Mama, tafadhali..."

"Niambie! Kama alikuwa amelala tu!"

Malika aliweka simu chini, mbingu ya jangwani ikajaa kioo chote, kisha akaiinua tena. Uso wake ulikuwa karibu sana.

"Nilimuona," alisema. "Niliingia miye mwenyewe pale walimuweka. Nilimushika miguu, ilikuwa baridi, nikaisugua na mikono ipate moto, haikupata. Nilimuita. Nilimuita jina lake lile la utoto, lile weye unamuitaka. Walinivuta nitoke na nikakataa. Hakuamka, mama. Amani hakulala. Amani amekufa."

Hakuna aliyewahi kulisema neno hilo katika paseli ile juu ya mtu. Mama Kadidja alilisikia jinsi lilivyo, fupi, neno la kuku na la mbuzi, na safari hii lilishuka mpaka chini. Alifungua mdomo akalirudia. "Amekufa," alisema. "Mutoto yangu amekufa." Ndipo sauti ikamtoka ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Marthe aliisikia toka kwake, akaacha sufuria motoni, akaja mbio bila kandambili. Alimkuta mwenzake amejitupa kwenye udongo uliofagiliwa, akaketi hapo hapo chini, akampakata kichwa na kumwacha alie. Pembeni yao simu ilikuwa bado imewaka. Malika naye alikuwa akilia, na hakuna kati yao aliyeikata.